Kipimo Kamili

Ndoo ilikuwa ya bluu, na ilikuwa pale kwa ajili yake. Kila asubuhi ya siku ya kikao, saa moja kamili, Mzee Wanzala aliiweka chini ya meza upande wa kushoto, akatandaza kitambaa safi juu ya kiti, kisha akageukia ukuta kama mtu anayemsubiri mwenzake avae nguo. Karani huyo wa Seneti alikuwa na heshima zake. Katika miaka sita hakuwahi hata mara moja kumtazama Kiongozi wa Seneti akitapika.

"Leo ni Mswada wa Rojo, Mheshimiwa," alisema akiwa ameupa ukuta uso. "Dakika kumi na mbili."

"Najua, mzee. Nipe."

Mbodze Kalama alikipokea kionjo kwa ncha za vidole. Kilikuwa kipande chembamba kama ukucha, cheupe, kisicho na harufu yoyote. Alikiweka chini ya ulimi, akafumba macho, akashika kingo za kiti kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka hamsini na minane na alikwisha kuonja miswada mia mbili na kitu. Alionja homa ya wachimba madini, alionja baridi ya wafungwa, alionja uchungu wa kuzaa kwenye korido ya zahanati isiyokuwa na kitanda. Alidhani ameshazoea.

Kwanza ilikuja harufu. Watu wa wizara waliosema kwamba rojo haina harufu walisema kweli ya maabara tu. Ikiwa baridi, haina. Ikipata moto hutoa kitu kama tambara la kuoshea vyombo lililosahaulika ndani ya maji siku nne. Halafu ukaja ute, vuguvugu, wenye chumvi kidogo, na chini ya ile chumvi ladha ambayo mtu mzima haambiwi imetoka wapi. Rojo ilitengenezwa kwa maji taka ya mji mkuu. Vijidudu vililishwa mashapo, vikanona, vikakaushwa, vikasagwa, vikapakiwa kwenye magunia meupe yenye picha ya suke la mahindi. Hakuna aliyewahi kufa kwa kula rojo, na waziri hakuchoka kulisema hilo.

Mdomo ulitafuna lakini haukumeza. Ulitafuna hadi kitu kikawa laini, kisha vidole vikakitoa, vikakipeleka mbele, vikakuta midomo midogo iliyobana. Kionjo hakina macho wala masikio, kinabeba mwili tu wa shahidi aliyerekodiwa: ulimi, pua, koo, tumbo na mikono. Kwa hiyo Mbodze hakumwona mtoto. Alimgusa. Vidole vililazimisha, meno madogo yakauma kidole cha shahada, yakauma kweli, na hapo mkono wa kulia ukainuka na kiganja kikakutana na shavu. Lilikuwa shavu dogo, la moto, limelowa. Kiganja kikawasha. Kisha magoti yakashuka chini, vidole vikazoa mchangani kile kilichotemwa, na mdomo ukakila pamoja na mchanga wake, kwa sababu sahani ni moja kwa siku.

Mbodze aliinamia ndoo.

Alipomaliza, Mzee Wanzala alimpa maji bila kugeuka, akasogeza fomu. Juu yake paliandikwa, kama kila siku: *Mimi, Kiongozi wa Seneti, nimeonja kipimo kamili. Kipimo cha wenzangu kiwe…* Na kwenye nafasi ile karani alikuwa tayari ameandika "mbili" kwa penseli, hafifu, ili Kiongozi apitishe wino tu. Ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanyika. Penseli, halafu wino.

Kanuni ya Arobaini na Moja haikutaja mbili. Ilizaliwa mwaka ule maseneta walipopitisha sheria ya maji ambayo wao wenyewe wasingeyaoshea hata miguu, na wananchi wakaja na madumu yao hadi mlangoni, wakawanywesha. Baada ya aibu ile ikaandikwa kwamba hakuna seneta atakayepiga kura juu ya mswada unaogusa mwili wa raia kabla ya kuuonja. Kwamba Kiongozi ataonja wa kwanza, kwa kipimo cha kumi, ambacho ndicho kamili. Na kwamba yeye ndiye atakayetaja kipimo cha wengine. Waliotunga waliamini Kiongozi atakuwa na roho ya mtu. Mwaka wake wa kwanza Mbodze alitaja tano. Seneta mmoja alizirai, wawili wakaenda kulalamika kwa Spika, kikao kikavunjika, na miswada minne ikakaa bila kujadiliwa. Mwezi uliofuata alitaja tatu. Kisha mbili, na wahudumu wakaanza kupita na peremende za tangawizi. Kwa mbili, njaa ni kama kuchelewa chakula cha mchana. Kwa mbili, kidonda ni muwasho. Shughuli zilikwenda vizuri, na magazeti yalimsifu kwa kuwa hodari wa ratiba.

"Mzee," alisema, "una kifutio?"

Karani alipapasa mfuko wake. "Kipo, Mheshimiwa."

"Futa. Usiandike kitu kwanza."

*

Saa mbili, ofisini mwa Mbodze, Kiranja wa walio wengi alikuwa anakula maini. Seneta Kashindi huyo alikuja na kifungua kinywa chake kila asubuhi, akakitandaza juu ya orodha ya shughuli, na kuhesabu kura huku anatafuna. Alikuwa mtu mcheshi, mwepesi wa kukumbuka majina ya wake za watu na magonjwa ya mama zao, na Mbodze alikuwa hampendi kama mtu asivyopenda kukuta unywele kwenye mboga. Leo mafuta yaliyong'aa kwenye kidevu chake yalimlazimu kutazama dirishani.

"Rambirambi, dakika kumi," alisoma Mbodze. "Maswali kwa mawaziri, nusu saa. Ripoti ya barabara. Halafu Rojo."

"Ripoti ya barabara iondoe. Mwenye ripoti yuko harusini."

"Jana alisaini kuwa yupo."

"Na leo atasaini pia. Mtu anaoza binti yake, Bi. Kiongozi, tusiwe wakali." Kashindi alilamba kidole. "Kuna jingine. Mheshimiwa wa kiti cha thelathini anasema feni inampiga shingoni, anataka kuhama. Na kuna ombi la waheshimiwa tisa kuhusu kantini. Wanataka kuku wa kienyeji arudi. Huyu wa sasa, wanasema, hana ladha."

Mbodze aliandika *kuku* kwenye karatasi, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Aliutazama mwandiko wake mwenyewe akaona kinyaa.

"Rojo ikoje?" akauliza.

"Nina thelathini. Tunahitaji ishirini na tatu kati ya arobaini na tano. Hiyo imeshapita, lala usingizi mzito." Alifuta mdomo. "Ni mswada rahisi. Kambi ya Dololo wamekuwa wanapewa nusu rojo, nusu mahindi, tangu ziwa lao likauke. Watu elfu themanini. Sasa tunawapa rojo yenyewe, moja kwa moja, kisheria, na mahindi yanarudi mjini ambako foleni zinaanza kuwa ndefu. Usipopita, wapiga kura wetu nao watakula kwa kipimo. Nani anataka hilo? Kipimo ni mbili, sivyo?"

"Nitataja ukumbini."

Kashindi aliacha kutafuna.

"Unajua Kiongozi akisimama kupinga mswada wa serikali kwa kinywa chake anakuwa amejiuzulu siku hiyohiyo."

"Sijasema nitapinga. Nitauwasilisha kama kawaida."

"Basi sawa," alisema, akavuta sahani karibu. "Maini haya yametulia. Onja."

*

Shahidi alikuwa amewekwa chumba cha wageni, kwenye sofa kubwa lililommeza nusu. Aliitwa Nasibo Galgalo, lakini watu wa Dololo walimwita Mama Darmi, kwa jina la bintiye wa miaka minne. Alikuwa na uso mkavu wa mtu aliyewahi kuwa mnene, na kwenye kidole chake cha shahada cha kulia palikuwa na alama mbili ndogo, zimeanza kupona. Mbodze alizitazama. Meno yaliyoziacha yalikuwa yamemuuma yeye pia, saa mbili zilizopita.

"Shikamoo, mama," alisema Nasibo.

"Marahaba, Mama Darmi. Umelala vizuri?"

"Kitanda kilikuwa laini mno. Nikalala chini."

Mbodze alikaa kando yake. Hakujua aanzie wapi, na hilo halikuwa kawaida yake, yeye aliyejua kuanza kila kitu kwa "Bwana Spika, naomba kutoa hoja".

"Nimeonja," alisema. "Yote."

Nasibo alitazama mikono yake.

"Mpaka pale…?"

"Mpaka pale."

"Walisema watachagua dakika nzuri, wale wa kurekodi. Nikawaambia hakuna dakika nzuri, chukueni tu." Alisugua zile alama za kidoleni. "Sikuwahi kumpiga kabla ya siku ile. Wala baada yake. Nataka ulijue hilo, mama, kwa kuwa kile kidude hakilisemi."

"Hakilisemi, kweli." Mbodze aliteremsha sauti. "Sikiliza. Huwa nawapunguzia wale wenzangu. Wanaonja kidogo sana, kama tone kwenye ndoo. Wakionja hivyo leo, watapitisha. Nikiwapa yote, nadhani hawataweza. Hata mtu mgumu hawezi. Lakini nikiwapa yote, na lile kofi watalipata. Watu arobaini na watatu watakuwa ndani ya mkono wako wakati unampiga mwanao."

Nje mtu alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, cheko la mtu aliyeshiba.

"Wewe hutasema?" aliuliza Mama Darmi. "Wewe ndiye mkubwa wao. Si ungesema tu?"

"Nikisema mimi, ni maneno. Wamezoea maneno." Alilisema bila kupepesa macho, na lilikuwa na ukweli wake, alichoacha kusema ni kwamba akisema atapoteza kiti, na kwamba alitaka mswada ufe bila yeye kuonekana na kisu mkononi. "Kionjo hakibishaniwi."

"Basi wape," alisema Nasibo. "Wape yote. Mimi aibu yangu nishaila na mchanga juu. Ila Darmi asirudi kula ile kitu peke yake maisha yake yote. Akipata mahindi kidogo anakula mwenyewe, hata simlishi. Anaomba na nyongeza."

*

Ukumbi wa Seneti ulijengwa mviringo ili waheshimiwa waonane nyuso, na kwa kawaida walitumia fursa hiyo kutazama simu zao. Rambirambi zilikwisha. Maswali yakaisha. Ripoti ya barabara iliahirishwa kwa masikitiko makubwa. Kisha Spika, mzee mwenye sauti nzito aliyependa kuisikia, akamwita Kiongozi.

Mbodze aliwasilisha Mswada wa Rojo kwa dakika nne, maneno ya wizara, neno kwa neno. Wahudumu walianza kupita na sahani za fedha, kwenye kila kisahani kionjo kimoja na peremende moja ya tangawizi.

"Kiongozi ataje kipimo," alisema Spika akifunua jalada lingine.

"Kipimo kamili, Bwana Spika."

Watu ambao hawakuwa wakisikiliza waliinua vichwa kutoka kwenye simu, wakajiuliza kama wamesikia vizuri. Kisha ukumbi ukalipuka. Watatu walisimama kwa hoja ya nidhamu. Mmoja alisema ana shinikizo la damu. Mwingine alisema hii ni dharau. Spika alimgeukia Mzee Wanzala, na karani, kwa sauti ileile aliyoitumia kutangaza siku za mapumziko, akasoma Kanuni ya Arobaini na Moja mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa wazi. Anayetaja ni Kiongozi, na asiyeonja hapigi kura.

"Wenye cheti cha daktari watoke," alisema Spika kwa uchungu. "Wengine, tuanze."

Hakutoka mtu. Wote walijua kura itahesabiwa na wizara itasoma majina.

Mbodze alisimama pale mbele, mdomo wake mtupu, akawatazama. Dakika ya kwanza pua zilikunjamana. Ya tatu, mtu wa kiti cha thelathini, yule wa feni, alishika koo. Ya tano alimsikia wa kwanza akitapika. Baada ya hapo hapakuwa na wa pili wala wa tatu, kilikuwa kitu kimoja kilichozunguka ukumbi mzima, juu ya zulia la kijani, juu ya viatu, juu ya karatasi za orodha ya shughuli ambazo yeye mwenyewe alizipanga. Seneta mmoja mnene alitumia kofia yake. Dakika ya nane mikono ya kulia ilianza kutetemeka juu ya meza, arobaini na mitatu kwa pamoja, na ilipofika tisa viganja vyote viliruka. Kisha vichwa vikainama. Vidole vya waheshimiwa vilikuna mbao za meza vikitafuta mchanga.

Mbodze alisikia furaha chafu. Hakuificha nafsini. *Kuleni,* alisema kimoyomoyo. *Kuleni, wapenda kuku wa kienyeji.* Harufu ilikuwa haistahimiliki, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita haikuwa yake peke yake.

Wahudumu waliingia na mafagio na ndoo. Spika, uso umemsawijika, aliomba dirisha lifunguliwe, akafungua mjadala.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Kashindi. Alikuwa ameloa jasho, tai yake imeharibika, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisubiri hadi kukawa kimya kabisa. Mbodze aliona machozi shavuni mwake. *Hata huyu,* aliwaza. *Hata huyu.*

"Bwana Spika," alisema Kashindi kwa sauti iliyokatika, "mimi ni baba. Nimeonja leo jambo ambalo sitalisahau." Aliinua kiganja chake cha kulia, akakionyesha ukumbi mzima. "Bado kinawasha. Nimeonja kofi, Bwana Spika. Mtoto mdogo, hajui kosa lake, anapigwa na mkono ambao ungemlisha kwa upole."

Ukumbi ulinung'unika kwa huruma. Mbodze hakuelewa bado.

"Rojo ni mbaya, tusidanganyane. Dawa nayo ni mbaya. Lakini rojo haikumpiga mtoto yule. Tumeuona ukweli wa Dololo, na namshukuru Kiongozi kwa ujasiri wake wa kutuonyesha. Shida si chakula. Shida ni malezi. Mama aliyechoka, aliyekata tamaa, hafai kuachiwa sahani ya mtoto." Akafuta macho. "Naomba kuongeza kifungu. Kila mtoto wa kambi aliye chini ya miaka sita alishwe katika banda la lishe, na maofisa waliofunzwa, mbali na mzazi. Mswada huu upite, Bwana Spika, lakini upite na huruma."

Walipiga meza. Watu ambao robo saa nyuma walikuwa wanajitapikia walipiga meza kwa nguvu, kwa shukrani, kama watu walioonyeshwa mlango kwenye nyumba inayoungua. Maana walikuwa wameumia kweli, na sasa mtu amewaambia maumivu yale ni kosa la nani.

"Kifungu kipya kinaingia iwapo Kiongozi hana pingamizi," alisema Spika. "Bi. Kiongozi?"

Hapa ndipo Mbodze alipokosea, na alikosea kama fundi anavyokosea, kwa ufundi wake. Neno moja lingetosha. *Napinga*, na kifungu kingekufa palepale. Lakini miaka sita ya kuhesabu vichwa ilimfanyia hesabu kabla hajafikiri. Kifungu hiki ni kichafu, akaona. Kumnyang'anya mama mtoto wake wakati wa kula. Nani atakubali jina lake lisomwe pamoja na hilo? Wale wanane wanaoyumba watashtuka, wale wa dini watashtuka. Acha kiingie, kitauzamisha mswada mzima. Amewahi kuizamisha miswada mitatu kwa njia hiyohiyo, kuipakia uchafu hadi ikashindwa kuelea.

"Sina pingamizi, Bwana Spika," alisema.

Majina yaliitwa kwa mpangilio wa viti. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Yule wa feni alisema ndiyo akiwa bado ameshika koo. Wa kofia alisema ndiyo. Wale wa dini walisema ndiyo kwa sauti laini, na mmoja wao akaongeza "kwa ajili ya watoto". Mbodze alihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mwanafunzi, na ilipofika ishirini na tatu aliacha kuhesabu. Waliyajua yote. Walikuwa ndani ya mdomo ule, ndani ya mkono ule, walizoa mchanga. Alikuwa ameamini siku zote kwamba wanapitisha mambo kwa sababu hawajui yanavyouma, na kwamba dhambi yake ni ile penseli. Na kumbe wangeweza kuonja kila kitu, wakasukutua, wakasema ndiyo.

Kwa desturi jina la Kiongozi huitwa mwisho.

"Mheshimiwa Mbodze Kalama?"

"Hapana."

Mtu alicheka. Kashindi alimgeukia na kutikisa kichwa polepole, kwa masikitiko ya kirafiki, kama mtu anayemwona mwenzake akiruka kutoka kwenye gari lililokwisha kusimama. Thelathini na watatu kwa kumi na mmoja. Spika alitangaza, kisha akamuuliza Kiongozi shughuli inayofuata ni ipi, kwa kuwa hadi jioni hiyo bado alikuwa Kiongozi.

Aliitazama karatasi. Ilikuwa na doa.

"Ombi kuhusu kantini, Bwana Spika," alisema.

*

Desturi nyingine ilikuwa nzuri, na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Baada ya kura, Kiongozi humpelekea shahidi chai kwa mkono wake mwenyewe, humwambia "tumeonja", na humweleza kilichoamuliwa. Katika miaka sita Mbodze alikuwa ameifanya haraka haraka, mlangoni, akiwa na jicho moja kwenye saa.

Leo aliweka sinia mezani, akamimina, akakaa. Nasibo alimtazama usoni kwa matumaini ambayo hayakuwa yamefichwa hata kidogo.

"Nimesikia kelele," alisema. "Walitapika?"

"Walitapika."

"Wote?"

"Wote. Mpaka Spika akafungua dirisha."

Nasibo alicheka. Lilikuwa cheko fupi, la msichana, na alijiziba mdomo kwa mkono wenye alama za meno. "Basi wamejua," alisema. "Alhamdulillahi. Wamejua."

"Wamejua, Mama Darmi. Na wamepitisha."

Cheko lilibaki usoni muda kidogo baada ya kufa. Mbodze alimwambia yote, kwa sababu lingine la kufanya hakulijua. Alimwambia mahindi yanakwisha mwisho wa mwezi. Alimwambia kuhusu kiganja cha Kashindi. Alimwambia kuhusu banda la lishe, na maofisa, na umri. Alipofika hapo, Nasibo aliweka kikombe chini.

"Miaka sita," alisema. "Darmi ana minne."

"Ndiyo."

"Atalishwa na askari."

"Wanawaita maofisa."

"Hilo la watoto halikuwamo asubuhi. Uliponiuliza, halikuwamo." Sauti yake haikupanda. "Nani alikubali liingie?"

Mbodze alikuwa na majibu. Alikuwa na kanuni, alikuwa na mpango wa kuuzamisha mswada, alikuwa na ile hapana yake ya mwisho ambayo ilimgharimu kiti na haikumsaidia mtu. Kila moja, alipolileta mdomoni, lilikuwa na ladha ileile.

"Mimi," alisema.

Nasibo alitingisha kichwa. Alifunga kitambaa chake, akatafuta viatu vyake chini ya sofa, akavivaa taratibu, kimoja kimoja. Gari la kumrudisha Dololo lilikuwa limeshapiga honi. Mbodze, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alichukua kikombe ambacho mwenzake hakukinywa, akanywa funda moja, na uso wake ukajikunja. Chai nzuri, yenye iliki, na ndani yake kulikuwa na tambara la siku nne.

Mama Darmi alikuwa mlangoni. Aliona.

"Tafuna mkaa," alisema. "Kipande kidogo, halafu usukutue na majivu. Ndivyo tunavyofanya sisi, ili usiku tulale."

"Na inatoka?"

Nasibo alimtazama yule mkubwa wa Seneti, sinia lake na vikombe vyake vyenye nembo ya dhahabu.

"Kwako itatoka," alisema, akaenda zake.